Mara ya Mwisho Alikuwa Mzima Saa Ngapi? Mafunzo Niliyopata Katika Utafiti wa Kiharusi

Watu wakisikia ninafanya utafiti wa kiharusi, hudhani nashinda maabara na darubini. Sehemu kubwa ya kazi yangu hufanyika kwenye mikeka ya watu, vijijini chini ya Kilimanjaro.

1. Saa anaijua mtu wa nyumbani.

Mshipa wa ubongo ukizibwa na damu iliyoganda, ipo dawa ya kuiyeyusha, alteplase, ila kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Aliyeamka amepooza hajui zilianza lini, kwa hiyo tunahesabu tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho. Hapo daktari hana ujanja. Anamtegemea mke, mjukuu, au jirani aliyeazima jembe.

"Shikamoo bibi. Mara ya mwisho babu alikuwa mzima saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Saa mbili usiku alinigombeza kwa ajili ya chumvi. Alinigombeza vizuri tu, maneno yamenyooka."

Jibu hilo limenipa muda, na limenipa pia habari kwamba usemi ulikuwa bado haujaguswa. Kwenye fomu tuna amri moja: andika kwanza kama alivyosema, "saa mbili usiku", ndipo uweke 20:00 pembeni. Mwenye haraka ataandika 02:00, na saa sita zitakuwa zimepotea kabla mgonjwa hajafika kwenye kompyuta.

2. Picha nayo huchelewa.

Kiharusi cha kuziba na cha kuvuja damu vinaweza kumpooza mtu vilevile, mkono uleule, mdomo upande uleule. Matibabu yake yanapingana: dawa ya kuyeyusha damu ikimfikia anayevuja inaweza kumuua. Kinachovitenganisha ni CT-Scan. Damu mbichi huonekana nyeupe papo hapo, wakati sehemu iliyokosa damu inaweza kuonekana ya kawaida kabisa saa za mwanzo. Familia ikichanga fedha wiki mbili ndipo ipate kipimo, weupe unaweza kuwa umefifia, na uvujaji ukasomeka kama kuziba. Ndiyo maana nikiona jedwali la aina za kiharusi bila safu ya "picha ilipigwa siku ya ngapi", siendelei kulisoma.

3. Rejista ya wodi inahesabu waliopata nauli.

Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, ukachapishwa 2010, ulifuata wagonjwa hadi kwenye jamii. Waliofariki kabla ya kuonwa walitafutwa kwa kuwahoji ndugu zao kuhusu dalili za mwisho. Baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa takribani 109 kwa kila watu 100,000 Hai, na 316 Dar es Salaam. Karibu mara tatu! Sipendi kusikia pengo hilo likielezwa kwa chipsi za mjini peke yake. Na mahojiano hayo na ndugu wa marehemu yana taratibu zake: toa pole, kaa, kunywa chai ukikaribishwa. Fomu ibaki mkobani mpaka wenyewe waanze kumzungumzia marehemu.

4. Si ugonjwa wa wazee tu.

Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata kiharusi kabla ya kuanza shule. Jaribio la Marekani lililotangazwa 1998 lilipima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo kwa mawimbi ya sauti. Kati ya watoto waliofikia sentimita 200 kwa sekunde, walioongezewa damu mara kwa mara hatari yao ilishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Kipimo hakichomi sindano. Kwetu selimundu ni nyingi, wapimaji ni wachache.

5. Beba mashine ya presha.

Haimo kwenye maswali, lakini naifunga mikononi mwa wanaonijibu. Mtoto wa kiume wa yule babu alikuwa na 180 kwa 110.

"Mbona siumwi hata kichwa?"

Nikarudia baada ya dakika chache, ikaja karibu ileile. Nilimwandikia rufaa ya zahanati, na mama yake akaichukua karatasi akaifunga kwenye pindo la kanga, maana huyo, alisema, angeisahau baa.