Fundo Lililolegea: Somo la Usalama Mjengoni

Mlezi wa chama chetu aliniomba niandike juu ya usalama wa wafanyakazi wa ujenzi. Nadhani alinichagua mimi kwa sababu anakijua kisa cha ami yangu.

Wengi huijua Muhuru Bay kwa omena, lakini vijana wetu wengi hupata riziki mjengoni. Likizo moja ya Desemba, nikiwa nimetimiza miaka 18, nami nilijiunga nao. (Aliye chini ya umri huo sheria haimruhusu kufanya kazi ya hatari, wala asijidanganye kwamba yeye ana nguvu.) Kazi yangu ilikuwa mtu wa mkono: kuchanganya saruji, kuteka maji na kumpelekea fundi karai. Fundi mwenyewe alikuwa ami.

Ukuta ulipopita kimo cha mtu tulijenga jukwaa, lile ambalo mafundi huliita skafoldi. Hapa ndipo penye somo, kwa hivyo tusiende mbio. Jukwaa lina nguzo, vikingamo na mbao za kukanyagia. Nguzo haisimamishwi juu ya udongo mtupu, kwani udongo ukilowa nguzo huzama. Huwekewa kipande cha ubao mpana chini. Miti mingine hufungwa mshazari ili jukwaa lisiyumbe, na jukwaa lote hushikizwa kwenye ukuta au jengo lililo imara. Ubao nao lazima upite kikingamo kidogo, ila usipite sana. Ukipita sana, anayekanyaga ncha yake huuinua upande wa pili, naye huenda chini. Kisha huwekwa mti wa kuzuia, kimo cha kiuno, upande ulio wazi. Matofali yasirundikwe mahali pamoja.

Sisi tulikuwa na nguzo za mkaratusi tu na kamba kukuu za mashua. Mti wa kuzuia haukuwapo. Usiku wa kuamkia siku ya nne mvua ilinyesha. Asubuhi niliona fundo moja limelegea, kikingamo kimeteremka kama upana wa kiganja. Nikafungua kinywa niseme. Lakini nyapara alikuwa amekwisha kutuambia, "Asiyetaka kazi aende zake, wengine wako pale nje wanangoja." Nikanyamaza. Nilihitaji zile pesa za karo.

Jambo la ajabu ni kwamba hapa kwetu mvuvi wa omena haingizi mashua majini jioni kabla hajaikagua kamba, taa na mbao zake. Hakuna anayemwita mwoga. Mbona mjengoni anayekagua huitwa mvivu?

Saa nne hivi ami alipanda. Nikasikia, "We kijana, lete—" na ubao ukapinduka. Aliangukia matofali. Sisi nasi, kwa haraka, tukamwinua kwa mikono na miguu tukamtia katika gari la samaki. Hilo lilikuwa kosa la pili. Aliyeanguka kutoka juu huenda ameumia uti wa mgongo. Hasogezwi ovyo, na ikilazimu kumhamisha hulazwa juu ya ubao, kichwa na mgongo vikiwa vimenyooka.

Mtu asidhani kwamba haya ni ya mafundi wadogo wa vijijini tu. Juni 2017 daraja la Sigiri katika mto Nzoia, Kaunti ya Busia, liliporomoka likiwa bado linajengwa, na wafanyakazi wakajeruhiwa. Huo ulikuwa mradi mkubwa.

Ami hakulipwa kitu. Aliambiwa kwamba kibarua hana haki, kwa kuwa hakutia sahihi mahali popote. Tuliamini. Miezi 14 baadaye ndipo nilipoelezwa juu ya sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka 2007. Sheria hiyo hutambua hata mapatano ya mdomo, na haijali kama mtu hulipwa kwa siku au kwa kazi. Mwajiri hutakiwa kuwa na bima. Aliyepata ulemavu kamili wa kudumu hustahili mapato ya miezi 96. Lakini dai hupelekwa katika muda wa miezi 12 tangu ajali. Hesabu mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 2007 ilitungwa pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini, badala ya ile ya zamani ya viwanda. Inamtaka mfanyakazi aliyeona hatari iliyo karibu amwarifu msimamizi, na mwajiri hawezi kumlazimisha arudi hapo kabla hatari haijaondolewa. Hayo ndiyo maneno niliyoyameza asubuhi ile.

Sasa ami hutembea kwa mkongojo. Hukaa chini ya mwembe akishona nyavu za watu, na hajawahi kunilaumu. Nilipomwambia kwamba fundo nililiona, alivuta uzi kimya, kisha akasema, "Hata mimi nililiona."

Likizo iliyopita nilipata kibarua kwingine. Siku ya kwanza, kabla ya mafundi kupanda, nilizunguka nikishika fundo moja moja.

"Sasa wewe unatafuta nini?" nyapara akauliza.

Nikamwonyesha nguzo ya pili, iliyokuwa inacheza. Aliitikisa, akanitazama kidogo, akamtuma mtu alete misumari.