Dondoo muhimu: Losheni isiyokatika

Nta ya nyuki peke yake haishikanishi maji na mafuta. Inagandisha tu, na baada ya muda utakuta maji yamejitenga. Ukifika duka la malighafi za vipodozi, ulizia nta ya kuunganishia losheni, ile ya vipande vyeupe. Kwa gramu 100 za losheni weka gramu 5 hivi, ukipima kwa mizani, si kijiko.

Pasha mafuta na nta hiyo chombo kimoja, maji chombo kingine, vyote vifike nyuzi 70. Changanya, kisha koroga mpaka ipoe. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaacha mapema.

Ukitaka nzito zaidi, yeyusha gramu 2 za setili alkoholi pamoja na mafuta. Gundi ya zanthani nayo huifanya nzito, ila ina nguvu mno. Nusu gramu yatosha, nayo ikorogwe kwanza na glisirini, la sivyo itafanya mabonge kama uji uliopikwa kwa pupa. Ukizidisha, losheni itavutika kama mlenda.

Usisahau kihifadhi cha vipodozi, maana kuna maji humo. Vitamini E haichukui nafasi yake, kwani haiui bakteria.