Istilahi za Vinu vya Upepo Baharini: Mfano wa Horns Rev

Lipo dai kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza teknolojia mpya bila kukopa karibu kila neno. Makala haya yanalipima dai hilo kwa kuangalia ujenzi na uendeshaji wa mradi wa Horns Rev 1, uliokamilika mwaka 2002 katika Bahari ya Kaskazini, kilomita 14 hadi 20 kutoka pwani ya Denmark. Ulijengwa ukiwa na vinu 80 vya kuzalisha umeme, kila kimoja kikiwa na uwezo wa megawati 2.

Kwanza, neno kinu. Kwa asili ni chombo cha kutwangia, na hapana kinachotwangwa Horns Rev. Hata hivyo, maana yake imekwisha kupanuka. Husemwa kinu cha mafuta na kinu cha nyuklia, wala msikilizaji hababaiki.

Maji ya hapo yana kina cha mita 6 hadi 14 hivi. Nguzo za chuma zilishindiliwa mchangani kwa nyundo kubwa, kisha mawe yakamwagwa kuzizunguka ili mkondo usichimbe mashina yake. Juu yake vilitwekwa mnara, chumba cha mitambo na mapanga matatu. Kitenzi kutweka, cha mabaharia wapandishao tanga, kinafaa hapa kuliko kuinua, kwa kuwa kinabeba wazo la kupandisha kitu mlingotini. Umeme hupita katika nyaya zilizofukiwa hadi jukwaa la transfoma, ambako volteji hupandishwa ili upotevu upungue njiani kuelekea nchi kavu.

Uendeshaji ndio wenye mazito. Mwaka 2004, baada ya transfoma na jenereta kuonyesha kasoro, vyumba vya mitambo vya vinu vyote 80 viliteremshwa na kupelekwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wa jahazi angesema vimepandishwa gudini, na asingekosea sana. Ikumbukwe kuwa siku ya upepo mwingi, ambayo ndiyo siku ya mavuno, ndiyo hiyo hiyo mawimbi humzuia fundi kukifikia kinu kwa mashua. Ndiyo maana vinu hivyo viliwekewa jukwaa juu, fundi ateremshwe kwa helikopta.

Istilahi shamba la upepo inaweza kupingwa, kwa hoja kwamba ni tafsiri sisisi na kwamba upepo haupandwi. Hoja hiyo inatazama upanzi na kusahau palizi. Tukio la mwaka 2004 linaonyesha kuwa sehemu kubwa ya kazi hii ni kutunza kilichokwisha kusimamishwa, na kwa msingi huo shamba linastahili kubaki.

Kinachosumbua bado ni kile kipande cha chuma kinachovikwa kichwani mwa nguzo na kukazwa kwa saruji maalumu, ili mnara usimame wima hata nguzo ikiwa imeinama kidogo. Kiungo ni neno pana mno. Shingo linaelekea kufaa zaidi, maadamu kipande hicho hubeba mnara kama shingo ibebavyo kichwa.