Mtoto Huyu Asome Wapi?

Tuchukue mfano wa mama mmoja mkulima wa pamba hapa Kishapu. Binti yake ana miaka tisa. Haongei. Ukimwita hageuki. Majirani wanasema, "Huyo hana akili, achunge mbuzi tu." Wadogo zake wawili wanasoma. Yeye yuko porini na mbuzi.

Siku moja mwalimu akapita pale nyumbani. Akasimama nyuma ya mtoto, akapiga makofi. Mtoto hakushtuka. Akaja mbele yake, akachukua mawe matatu, akayapanga chini. Mtoto naye akatafuta mawe matatu, akayapanga vilevile.

"Mayu," mwalimu akasema, "mtoto huyu ana akili. Tatizo ni masikio."

"Sasa nifanyeje, mwalimu?"

Swali hilo ndilo somo letu la leo.

1. Kwanza apimwe

Mpeleke mtoto zahanati, na wakikuandikia, nenda hospitali. Wapo watoto ambao masikio yao yameziba au yanatoa usaha. Wakitibiwa, huenda wakasikia. Wapo wasioona ubao, kumbe wanahitaji miwani tu. Mtoto wa namna hiyo hahitaji shule ya mbali.

2. Tazama shule ya karibu

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Basi mtoto asiyetembea vizuri asiachwe nyumbani kwa sababu ya miguu. Miguu haisomi.

Mtoto mwenye ualbino je? Macho yake haoni vizuri mbali, na jua linamchoma ngozi. Lakini wengi wao wanaweza kusoma maandishi ya kawaida wakiyasogeza karibu. Mwombe mwalimu amweke dawati la mbele, asielekee mwanga mkali wa dirisha. Avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu. Kama anaziona herufi, asifundishwe kama kipofu.

3. Shule maalumu ni kwa nani?

Asiyesikia kabisa anahitaji lugha ya alama. Akikaa kwa mwalimu asiyeijua, atatazama midomo tu mpaka kengele ilie. Asiyeona kabisa anahitaji breli, yaani maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole.

Mkoani kwetu ipo Shule ya Msingi Buhangija, mjini Shinyanga. Inapokea wasioona, wasiosikia na wenye ualbino. Tabora nako ipo shule ya viziwi tangu mwaka 1963.

Usibebe mtoto ukaenda kubisha hodi huko moja kwa moja. Anza kwa mwalimu mkuu wa kijiji chako. Kisha nenda Mhunze, kwenye ofisi ya elimu ya wilaya, umwulize anayeshughulikia elimu maalumu. Chukua karatasi za hospitali. Uliza hivi: Je, nafasi ipo? Walimu wanajua lugha ya alama? Usiku bwenini nani anawaangalia watoto? Likizo atarudije nyumbani?

4. Usimtupe

Miaka ile ya mauaji ya watu wenye ualbino, hasa kuanzia 2007, watoto wengi walipelekwa Buhangija ili wawe salama. Wengine walikaa muda mrefu bila kuwaona wazazi wao. Walinusurika na panga, lakini wakabaki kama yatima huku wazazi wako hai.

Bweni si mahali pa kumfichia mtoto. Mtembelee. Likizo mchukue. Akirudi, akufundishe alama za maji, ugali, mama, njoo. Jifunzeni nyumba nzima.

Na wewe uliyehitimu kisomo una kitu kingine mkononi. Binti yule hakuwahi kusikia sauti ya mama yake. Lakini akijua kusoma, mama anaweza kumwandikia barua, naye akaijibu.

Maswali ya kujadili

1. Kitongojini kwenu yupo mtoto asiyesoma kwa sababu ya ulemavu? Nani ataenda kuongea na wazazi wake?
2. Mtoto gani anafaa shule ya kijijini, na yupi anahitaji shule maalumu?
3. Andika barua fupi kwa mwalimu mkuu, ukieleza mtoto huyo anaweza kufanya nini na anashindwa nini.