LITA MOJA SI KILO MOJA: TUJIFUNZE KUPIMA CHAKULA CHA JIKONI



Katika sharika zetu za Mbulu na Hanang, mahindi na maharage hupimwa kwa namna nyingi. Mnadani tunanunua kwa debe la lita 20 au kwa sado, yaani kopo la rangi la lita 4. Jikoni mpishi anachota kwa bakuli. Lakini taarifa kwa wafadhili tunaiandika kwa kilo. Katika toleo hili tunapenda kujifunza pamoja namna ya kutoka kipimo kimoja kwenda kingine bila kupotea njiani.

Debe na sado hupima ujazo, yaani nafasi. Mizani hupima uzito. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, na hapo ndipo wengi hudhani kila lita ni kilo. Sivyo. Kati ya punje na punje kuna hewa. Lita 1 ya mahindi makavu ina karibu gramu 750, sukari karibu gramu 850, mafuta ya kula karibu gramu 920. Unga ni mwepesi zaidi, mara nyingi gramu 500 hadi 600, kutegemea umeshindiliwa kiasi gani.

Tuchukue mfano. Kamati imenunua madebe 40 ya mahindi, ikaandika kilo 800 kwa kuhesabu kila debe kilo 20. Kama madebe yale yalisawazishwa, kila moja lilikuwa na karibu kilo 15, na jumla ni kilo 600. Siku ya ukaguzi kilo 200 hazionekani. Mtunza stoo anashukiwa wizi, na hakuna aliyeiba hata punje.

Jikoni nako watoto huumia. Watoto 200 wakipangiwa gramu 150 za mahindi kila mmoja, zinahitajika kilo 30. Mpishi aliyeambiwa debe ni kilo 20 atachota debe moja na nusu. Hizo ni kilo 22.5 tu. Kila mtoto amepunjwa robo ya chakula chake.

Tunashauri kila kamati ifanye yafuatayo:

1. Chagueni chombo kimoja, mkitie alama, na kisibadilishwe. Kipimeni kikiwa kitupu.
2. Kijazeni mahindi, msawazishe juu kwa kijiti kilichonyooka. Chombo chenye kilele hakiwezi kulingana na kilichosawazishwa.
3. Pimeni tena, mtoe uzito wa chombo. Rudieni mara tatu mpate wastani.
4. Gawanyeni kilo zinazotakiwa kwa uzito huo. Sado ikiwa na kilo 3, kilo 30 ni sado 10.
5. Bandikeni jibu ukutani jikoni na stoo. Fanyeni hivyo kwa kila aina ya chakula.
6. Mzigo mpya ukija, pimeni upya. Unyevu na ukubwa wa punje hubadilisha uzito.

Mizani itakayotumika katika kununua na kuuza iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002.

Kwa wafadhili wetu: mkiona taarifa inataja madebe, ulizeni debe hilo lina kilo ngapi kabla ya kuuliza chakula kimekwenda wapi. Baada ya maporomoko ya tope ya Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, watu wengi walihitaji msaada kwa haraka. Wakati kama huo hakuna nafasi ya kuanza kubishania kipimo. Kijulikane mapema.

Kumbukumbu la Torati 25:13-15 inakataza kuwa na vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Kipimo kimoja kinachojulikana na wote humlinda mtoto anayekula, na humlinda pia aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo.

Maswali ya kujadili katika kamati:
- Debe letu la mahindi lina kilo ngapi? Nani alilipima, na lini?
- Je, mpishi na mtunza stoo wanatumia chombo kimoja?