Dondoo muhimu: Boxer kwa mtindo wa mbio za udongo

Pikipiki za mbio za udongo za Marekani, kama Harley-Davidson XR750 ya mwaka 1970, zina usukani mpana, kiti kifupi na rimu za inchi 19. Pikipiki yako ya Boxer ina rimu za inchi 17. Zinatosha, usipoteze hela kuzibadilisha. Pikipiki zile za mbio hukimbia bila breki ya mbele. Yako usiing'oe: barabara ya Bagamoyo kwenda Msata ina malori.

Fundi anayeibadilisha asichomelee fremu kabla ya kuchomoa waya za betri. Shingo ya fremu, penye namba ya chesisi, isiguswe na grainda.

Chumvi ya bahari hapa Bagamoyo haina huruma. Chuma kilichochomelewa leo kipigwe praima leo leo. Ukitoka ufukweni, osha cheni kwa maji ya bomba, ikauke, kisha ipake oili.