Kufundisha Maana ya Krismasi katika Madarasa ya Kilosa na Mikumi

Mwalimu wa shule ya msingi hukutana na Krismasi mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili sikukuu yenyewe haipo darasani. Hukutana nayo siku za mwisho kabla ya shule kufungwa, watoto wanapohesabu siku zilizobaki. Kisha hukutana nayo tena Januari, watoto wanaporudi na habari za pilau, nguo mpya na wageni waliotoka mbali. Tarehe 25 Desemba yenyewe huwakuta wanafunzi nyumbani, na wengi katika wilaya yetu huwakuta shambani pamoja na wazazi wao. Kwa sababu hiyo mwalimu hufundisha ama jambo linalongojewa ama jambo lililokwisha kupita, na katika hali zote mbili ni rahisi mno kufundisha pilau na kuiacha sikukuu.

Makala haya yanakusudiwa hasa kwa wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha katika shule za Kilosa mjini, Kimamba, Rudewa, Mikumi na vijiji vilivyo kati yake. Hatuzungumzii kipindi cha dini, ambacho watoto hugawanyika kulingana na madhehebu yao na kufundishwa na watu waliokabidhiwa kazi hiyo. Tunazungumzia yale masomo ya darasa zima, yanapofika kwenye sikukuu za nchi yetu au yanapokuwa na kifungu cha kusoma kinachoitaja Krismasi. Hapo mwalimu husimama mbele ya watoto Wakristo, Waislamu na wengine ambao nyumbani kwao hakuna anayekwenda kanisani wala msikitini. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 imeifanya imani kuwa jambo la hiari ya mtu binafsi. Mwalimu basi hana ruhusa ya kuhubiri, lakini pia hana sababu ya kuogopa kueleza.

Tatizo tunaloliona mara kwa mara tunapokagua maandalio ya masomo ni hilo la woga. Mwanachuo akiogopa kugusa dini, hujaza ubao kwa yale yasiyo na dini ndani yake: keki, zawadi, kadi, na mti uliobandikwa pamba ili ifanane na theluji. Pamba si ngeni hapa. Imefanyiwa utafiti miaka mingi pale Ilonga. Lakini Desemba ya Kilosa ni joto, mbu na matope, na mtoto anayeitazama pamba ile juu ya tawi la mwarobaini haoni maana yoyote ila kwamba Krismasi ni ya watu wengine walio mbali. Somo la namna hiyo halimfundishi mtoto Mwislamu jirani yake anaamini nini, wala halimsaidii mtoto Mkristo kujua kwa nini mama yake aliamka alfajiri kwenda kanisani.

Kwa hiyo mwalimu aanze na maana. Wakristo wanaamini kwamba katika kuzaliwa kwa Yesu, Mungu mwenyewe alifanyika mtu, akaishi katika hali ya wanadamu, tena hali ya chini. Wanateolojia huliita jambo hili Umwilisho, yaani kutwaa mwili. Jina Emanueli, ambalo Injili ya Mathayo inalihusisha na mtoto huyo, maana yake ni Mungu pamoja nasi. Hicho ndicho kiini. Mengine yote, hata yale mazuri, ni mavazi yake. Mwanachuo atakayeweza kuieleza imani hii kwa maneno ya mtoto wa darasa la tano, bila kuiongeza wala kuipunguza, amekwisha kufanya nusu ya kazi. Afahamu pia kwamba Wakatoliki wengi huiita sikukuu hii Noeli, na kwamba katika makanisa mengi hutanguliwa na Jumapili nne za Majilio, ambazo ni majuma ya kungoja na kujitayarisha. Injili hazitaji tarehe ya kuzaliwa. Kanisa la Roma lilikuwa likiiadhimisha tarehe 25 Desemba katika karne ya 4, na yako makanisa ya Mashariki, kama lile la Ethiopia, yanayoiadhimisha tarehe 7 Januari. Mashahidi wa Yehova hawaiadhimishi kabisa, basi mwalimu asimwambie mtoto wa jamii hiyo kwamba kila Mkristo husherehekea. Ikumbukwe vilevile kwamba kwa mafundisho ya Kanisa sikukuu iliyo kuu kupita zote ni Pasaka.

Lugha ya mwalimu ndiyo itakayomlinda. Kuna habari zinazosimuliwa na Injili za Mathayo na Luka. Kuna imani ya Wakristo juu ya habari hizo. Na kuna yale watu wafanyayo siku ya sikukuu. Maneno kama "Injili ya Luka inasimulia", "Wakristo wanaamini" na "watu wengi hufanya" hutenganisha mambo hayo matatu, na mtoto hujifunza utengano huo kwa kusikia tu, bila kufundishwa kanuni yoyote. Mwalimu Mkristo atumie maneno hayo hayo ambayo angeyatumia mwalimu Mwislamu. Tumeona wanachuo wa imani zote mbili wakilifundisha somo hili vizuri, na mara nyingine wale wasio Wakristo wamelifundisha kwa uangalifu zaidi, maana hawadhani kwamba darasa limekwisha kujua.

Watoto Waislamu huja darasani wakiwa na habari zao juu ya kuzaliwa kwa Nabii Isa. Sura ya 19 ya Kurani inaitwa kwa jina la Mariamu, na inasimulia jinsi alivyoshikwa na uchungu wa uzazi penye shina la mtende, akaambiwa alitikise, tende zikamwangukia. Mtoto akinyosha mkono na kuisimulia habari hii, mwalimu aipokee kwa heshima. Lakini asivutwe na furaha ya kufanana hata akasema kwamba sote twaamini kitu kimoja. Waislamu wanamheshimu Isa kuwa nabii aliyezaliwa na bikira. Wakristo wanaamini kwamba ni Mwana wa Mungu aliyefanyika mtu. Tofauti hiyo ni kubwa, na watoto wa miaka kumi na mmoja wanaweza kuisikia ikitajwa kwa upole bila kugombana. Ikifichwa, wataisikia njiani, nayo huenda isitajwe kwa upole.

Sasa tufike kwenye hadithi yenyewe, ambapo maneno ya Kiswahili yanahitaji kazi zaidi kuliko wanachuo wanavyodhani.

Mikumi ni mji wa njia kuu. Mabasi ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia hupita hapo baada ya kukata Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, na hapo ndipo zinapochepuka barabara za Kilosa na Ifakara. Mtoto wa Mikumi anazijua nyumba za wageni kuliko mtoto yeyote wa wilaya hii. Anajua kwamba mwenye fedha hupata chumba, na kwamba Desemba vyumba hujaa. Akisikia kwamba Yusufu na Mariamu walikosa nafasi, mara moja huona gesti, kaunta na mtu anayetikisa kichwa. Neno la Kigiriki analolitumia Luka linaweza pia kuwa na maana ya chumba cha wageni katika nyumba ya watu. Luka huyo huyo analitumia kwa kile chumba ambamo Yesu alikula chakula cha mwisho na wanafunzi wake. Pengine basi ilikuwa nyumba ya jamaa iliyojaa wageni, kama nyumba nyingi zijazavyo wakati wa sikukuu. Mwalimu hana haja ya kuamua. Maana haibadiliki, kwamba mtoto alilazwa palipobaki. Kwa umbali, toka Nazareti hadi Bethlehemu ni zaidi ya kilometa 100, unaokaribia ule wa kutoka Mikumi hadi Morogoro mjini. Watoto waambiwe wakadirie ingekuwa siku ngapi kwa miguu, tena kwa mwanamke aliye karibu kujifungua.

Neno hori nalo si la kupita haraka. Ng'ombe wa wafugaji wetu hula malishoni na kulala zizini, hivyo watoto wengi hawajapata kuona chombo cha kulishia. Wanachuo huchora kitanda kidogo chenye nyasi, nacho hutokea kizuri mno. Yafaa kuwapeleka watoto kwa mtu afugaye ng'ombe wa maziwa wa ndani, waone hori lenye mabaki ya pumba na mate ya ng'ombe, ndipo waulizwe ni nani angemlaza mtoto mchanga humo, na kwa sababu gani. Kwa Kilosa mjini mwalimu anaweza pia kuwatuma wanafunzi wawaulize wazee juu ya mwishoni mwa Desemba 2009, Mto Mkondoa ulipofurika, maelfu ya watu wakapoteza makazi na reli ikaharibika hata treni zikasimama kwa miezi kadhaa. Katika siku hizo hizo za sikukuu walikuwapo wazazi waliotafuta mahali pakavu pa kuwalaza watoto wao.

Lakini neno lililo zito kuliko yote ni wachungaji. Kwa mtoto Mlutheri au Mwanglikana, mchungaji ni mtu mwenye kola nyeupe anayehubiri Jumapili, na tumewahi kuona daftari lenye picha ya wachungaji watatu wa kanisa wamesimama usiku wakitazama nyota. Hilo hurekebishwa kwa dakika moja. Linalofuata halirekebishwi kwa dakika moja. Biblia ya Kiswahili inasema wachungaji hao walikuwa makondeni, na hapa kwetu konde ni shamba. Mtoto wa mkulima anayesikia kwamba watu walikuwa na mifugo yao makondeni usiku hasikii habari ya malaika. Anasikia habari ya mahindi yaliyoliwa. Mtoto wa mfugaji aliyeketi dawati la nyuma anajua jinsi wenzake walivyosikia.

Hatutii chumvi. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani humu, mapambano kati ya wafugaji na wakulima yaliwaua watu 38. Ziko nyumba ambamo mwezi huo hukumbukwa kwa matanga kuliko kwa sherehe, na watoto na wajukuu wa nyumba hizo wanasoma katika shule tunazowapeleka. Mwanachuo atakayefundisha kifungu cha Luka huko bila kujua hili atashangaa kwa nini darasa limenyamaza.

Wengine hushauri kiachwe. Sisi hatukubali, kwa kuwa hapo ndipo ilipo maana ambayo Wakristo wanaishika. Kwa masimulizi ya Luka, habari ya kuzaliwa haikupelekwa kwanza kwa mfalme wala kwa makuhani. Ilipelekwa kwa watu wa zamu ya usiku, walio nje ya mji pamoja na wanyama wao, na ndani yake ilikuwamo habari ya amani duniani. Wakristo wanaona katika jambo hilo kwamba Mungu aliyefanyika mtu aliwaendea kwanza watu wasiohesabiwa. Mtoto wa mfugaji anastahili kuisikia hadithi ambayo watu wa kazi ya baba yake ndio walioalikwa kwanza, na mtoto wa mkulima anastahili kuisikia pamoja naye.

Namna ya kulifundisha ni hii. Kabla ya kusoma, mwalimu aeleze kwamba makondeni ya Bethlehemu katika habari hii ni nyika ya malisho nje ya mji, si shamba lililopandwa. Aseme wazi, kisha aendelee. Asilifanye kuwa mjadala wa mipaka. Asitaje kabila lolote. Ikiwa ataigiza hadithi, sehemu zigawanywe kwa kura, ili mtoto wa mfugaji asipewe fimbo kwa sababu tu ni mtoto wa mfugaji. Tumeona jambo hilo likifanywa kwa nia njema, na mtoto akazomewa uwanjani juma zima. Mtoto akitaja yaliyotokea Rudewa, mwalimu asimkatize. Akubali kwamba yalitokea, aseme kwamba waliokufa walikuwa watu wenye majina na jamaa, na amruhusu anayetaka kunyamaza anyamaze. Asijaribu kuipatanisha wilaya katika kipindi cha dakika arobaini.

Habari za mamajusi hazihitaji muda mrefu. Mathayo hasemi walikuwa watatu. Zawadi ndizo tatu. Watoto huwachanganya na waganga, basi waelezwe tu kwamba walikuwa wenye hekima kutoka mashariki waliozichunguza nyota. Nyimbo zisifundishwe kwa darasa zima, kwani kuimba sifa ni ibada, na kueleza ni somo.

Katika kupima, swali la kuuliza Krismasi huwa tarehe ngapi halitoshi, kwa maana hata kalenda ya ukutani hulijibu. Tungependelea swali kama hili: eleza kwa nini Wakristo wanaona ni jambo kubwa kwamba mtoto huyo alilazwa horini, na kwamba waliopata habari kwanza ni watu waliokuwa kazini usiku. Mtoto Mwislamu aweze kupata alama zote sawa na mtoto Mkristo. Na ikiwa ataandika "Wakristo wanaamini hivi", kisha akaongeza sentensi moja kusema kwamba nyumbani kwao hawaamini hivyo, mwalimu asiipige mstari mwekundu sentensi hiyo. Ampe alama zake kamili.